Nyumba Moja, Wagonjwa Wanne: Je, Wote Wana Mafua?

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninaishi Makambako, mkoani Njombe, na tangu baridi ya mwezi wa sita ianze nyumba yetu imekuwa kama wodi. Mwanangu wa miaka 9 aliwashwa koo, kesho yake akaanza kutokwa na makamasi na kupiga chafya, lakini anakula na kucheza kama kawaida. Baba yao amerudi juzi kutoka Kyela, alikokaa mwezi mzima; jana asubuhi alikuwa mzima, jioni akashindwa kuinuka kwa homa, kichwa na maumivu ya mwili. Mimi, tangu tuanze kupukuchua mahindi, ninapiga chafya mfululizo na macho yananiwasha, ila sina homa. Sasa mdogo wao wa mwaka mmoja na nusu naye anakohoa. Jirani anasema makamasi yakishakuwa ya kijani sote tunywe vidonge vya rangi mbili. Je, huu ni ugonjwa mmoja? Na jiko la mkaa tunaloingiza chumbani usiku linaweza kutuzidishia?

JIBU: Marahaba, mama. Barua haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo, lakini kwa jinsi ulivyoeleza mwanzo wa kila ugonjwa, sidhani kama nyote mnaumwa kitu kimoja. Mwanzo huo ndio ninaoutazama kwanza, kabla ya rangi ya makamasi.

Mtoto wako mkubwa anaelekea kuwa na mafua ya kawaida, ambayo huja taratibu: koo huanza kuwasha, pua ikafuata, kisha kikohozi, na homa ikiwapo huwa ndogo. Mengi huisha ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi kinaweza kuchelewa kuondoka. Makamasi kuwa mazito na ya kijani baada ya siku chache ni jambo la kawaida katika mafua, wala si uthibitisho kwamba bakteria wameingia. Mafua husababishwa na virusi, na antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria kama hivyo vya rangi mbili, haziviui virusi, kwa hiyo vidonge vya jirani havitamsaidia. Vitamletea madhara tu na kuwazoesha bakteria dawa ambayo huenda mkaihitaji siku nyingine. Mpe vinywaji vya kutosha na apumzike. Asali inaweza kumtuliza kikohozi, lakini kamwe usimpe mtoto asiyetimiza mwaka mmoja.

Hali ya mzee ni tofauti. Homa ya mafua, yaani influenza, humwangusha mtu ghafla: homa kali, kichwa, maumivu ya misuli na uchovu, huku pua ikiwa haisumbui sana. UVIKO-19 unaweza kufanana nayo kabisa, na hakuna daktari anayeweza kuitofautisha miwili hiyo kwa kumtazama mgonjwa. Kinachohitajika ni kipimo. Hata hivyo, kwa kuwa ametoka Kyela, bondeni kwenye joto na malaria, jambo la kwanza ninalotaka lifanyike ni kupimwa malaria leo hii, wala msisubiri kuona kama homa itashuka. Watu wa nyanda za juu husahau kwamba malaria husafiri na abiria, na homa ikitokea kipindi cha baridi huitwa mafua bila kuuliza mgonjwa alikuwa wapi. Akikutwa hana malaria, apumzike, anywe maji mengi, atumie parasetamoli kwa kipimo kilichoelekezwa, na asilale na watoto. Akianza kupumua kwa shida, kuumwa kifua au kuchanganyikiwa, arudishwe hospitali mara moja.

Wewe mwenyewe ninakushuku mzio, yaani aleji. Mwasho wa macho na pua, chafya za mfululizo, makamasi mepesi kama maji na kutokuwepo kwa homa ni dalili zake, na vumbi la mahindi ni sababu ya kutosha. Jifunge kitambaa puani unapopukuchua, fanya kazi hiyo nje, kisha uone kama siku usizogusa mahindi unapata nafuu. Ukisikia kifua kinabana au kupiga filimbi, nenda ukapimwe pumu.

Ninayemhofia zaidi ni huyo mdogo, si kwa sababu kikohozi chake ni kibaya, bali kwa sababu nimonia kwa umri wake hukua haraka. Akiwa ametulia, hajalia wala kunyonya, mfunue kifua na uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka mno. Kwa wa miezi 2 hadi 11 kiwango ni 50, na kwa aliye chini ya miezi 2 ni 60. Ukikuta pumzi za haraka, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea anapovuta hewa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Ukiona anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri, usingoje kupambazuka.

Kwa yeyote kati yenu, kikohozi kikifika wiki 2, hasa kikiambatana na kupungua uzito au kutokwa jasho usiku, apimwe makohozi kwa ajili ya kifua kikuu.

Kuhusu jiko, jibu ni ndiyo, nalo litoke chumbani usiku wa leo. Moshi huwasha njia za hewa, hasa za mtoto, lakini hata mkaa uliokwisha kukolea na usiotoa moshi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua familia nzima usingizini. Mkiamka wote na kichwa kizito na kichefuchefu, bila homa, kisha mkapata nafuu mkitoka nje, hayo si mafua: fungueni milango na madirisha, mtoke, na mwende hospitali. Usiku tumieni mablanketi, na mtoto avishwe soksi na kofia.