Kabla Hujapeleka Vidole Kupimwa Mishipa Midogo ya Damu

Kwa muda wa miaka miwili vidole vyangu vilikuwa vikibadilika rangi kila nilipogusa maji baridi, nami nikawa nimezoea. Kidole cha shahada na cha kati vilikwajuka kama nta, vikafa ganzi, kisha vikaingia uzambarau uliofifia, na damu iliporudi vikawaka na kuwasha kwa dakika kadhaa. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko haya hayajitokezi wazi. Kwangu yalionekana zaidi viganjani na chini ya kucha, ndiyo maana kila niliyemweleza alinijibu kwamba nina upungufu wa damu. Nilimeza vidonge vya madini ya chuma hadi nikachoka, na vidole vikaendelea na mambo yake.

Kilichonitoa nyumbani ni pete. Asubuhi moja iligoma kupita kwenye kifundo cha kidole, na wiki iliyofuata ikagoma tena, ingawa sikuwa nimenenepa. Daktari wa magonjwa ya baridi yabisi aliyenipokea hakushughulika sana na rangi ya vidole. Alinibana ngozi ya mgongo wa kila kidole kuona kama inakunjika, akaniuliza kama napata kiungulia au kuishiwa pumzi ninapopanda ngazi, kisha akainamia kucha zangu na kuitazama kwa makini ile ngozi inayofunika mzizi wa ukucha. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza neno kapilaroskopi, yaani uchunguzi wa kapilari, mishipa midogo kuliko yote, kwa kutumia hadubini.

Nilichokuwa nacho tangu mwanzo kinaitwa hali ya Raynaud, kwa jina la daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliyeieleza mwaka 1862. Watu wengi wanayo, na kwa walio wengi ni usumbufu wa baridi tu: mishipa hujibana kupita kiasi, kisha hufunguka, wala haidhuriki. Kwa wachache, hata hivyo, ni mlango wa skleroderma ya mfumo mzima, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, mishipa midogo ikaharibika, ngozi ikakaza, na baadaye mapafu, moyo, figo na njia ya chakula vikaweza kuguswa. Nje, makundi haya mawili yanafanana kabisa. Mishipa ya ukingo wa ukucha ndiyo inayoweza kuyatenganisha mapema, wakati mwingine miaka kadhaa kabla ngozi haijaanza kukaza.

Niliuliza kwa nini ukucha na si sehemu nyingine, na jibu lilinipendeza kwa wepesi wake. Karibu kila mahali mwilini kapilari husimama wima kuelekea juu ya ngozi, kwa hiyo anayetazama kwa hadubini huona ncha zake tu, kama nukta. Kwenye ukingo wa ukucha hulala sambamba na ngozi, na kila mshipa unaonekana mzima, unavyopanda, unavyopinda na unavyorudi. Hakuna kukatwa wala kuchomwa sindano.

Mara ya kwanza niliharibu kipimo mwenyewe. Siku chache kabla ya miadi nilikwenda kutengenezwa kucha, nikapakwa rangi, na ile ngozi nyembamba ya ukingoni ikasukumwa nyuma na kukatwa, kwa kuwa sikutaka daktari aone mikono isiyotunzwa. Mpimaji aliifuta rangi, akaweka lenzi, akanyamaza. Kulikuwa na vidoa vya damu iliyovuja kwenye vidole vinne, na hakuweza kusema kama vilitokana na ugonjwa au na mkasi. Damu iliyovuja ni mojawapo ya alama zinazotafutwa hasa, kwa hiyo kipimo kilikuwa hakina maana, nami nikarudishwa nyumbani kungoja mwezi mzima.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuziacha kucha kama zilivyo kwa wiki nne. Usikate wala kusukuma ngozi ya ukingo, usizing'ate, vaa glavu ukiwa na kazi ya kusugua au kuchimba, na uende bila rangi wala kucha za kubandika. Kidole kilichoumia karibuni, hata kama ni kwa kubanwa na mlango, kitaje kabla ya kuanza. Usivute sigara na usinywe kahawa katika saa chache zinazotangulia, kwa sababu vyote viwili huchezea mishipa. Sigara, kwa kweli, mwenye hali ya Raynaud ana sababu ya kuiacha kabisa. Fika mapema ukae ndani ya chumba chenye joto la kawaida, kama nyuzi 20 hadi 23, kwa dakika 15 au 20 kabla ya kupimwa. Ukitoka kwenye baridi na kuketi moja kwa moja mbele ya lenzi, utaonyesha mishipa iliyojibana kwa sababu ya safari. Dawa ulizoandikiwa, kama nifedipini inayolegeza mishipa, usiziache kwa ajili ya kipimo bila kumuuliza aliyekuandikia.

Mara ya pili nilikaa nikiwa nimetulia, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo. Mpimaji alidondosha tone la mafuta mazito kwenye kila ukingo wa ukucha, kwani mafuta huzuia mwanga usirudishwe na ngozi, akaigusisha lenzi kwa wepesi mno. Akikandamiza, damu hukimbia na mshipa hupotea machoni. Vinapimwa vidole vinane, gumba likiachwa, na kwa kawaida kidole cha pete na cha mwisho ndivyo vinavyoonekana vizuri zaidi kwa kuwa ngozi yake hupitisha mwanga. Ngozi yenye weusi mwingi humpa mpimaji kazi zaidi, lakini kazi hiyo inafanyika: huongeza mwanga, husogeza lenzi polepole, na wengine hutumia mwanga wa kijani, ambao damu huumeza na hivyo mishipa hujitokeza kama mistari myeusi. Ukiambiwa kwamba kwako hakuonekani kitu, uliza kama vimetazamwa vidole vyote vinane.

Hadubini ya video inayotumika sana hukuza mara 200. Kwenye skrini niliona kwanza picha ya mtu mwenye afya, ili nijue ninachokilinganisha: mishipa myembamba iliyopangwa kama meno ya kitana, kila mmoja umepinda kama kibanio cha nywele, 7 au zaidi ndani ya milimita moja. Halafu ikaja yangu. Kwenye kidole cha pete cha mkono wa kushoto meno ya kitana yalikuwa machache, na katikati yake paliketi mshipa mmoja ulionenepa, kichwa chake kipana kama kitanzi cha kamba nene. Mpimaji alipitisha kipimio juu yake. Upana wa kawaida wa mshipa pale unapopinda hauzidi mikromita 20, na mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kati ya 20 na 50 unahesabiwa kuwa umepanuka. Ukizidi 50 unaitwa mshipa mkubwa, na huo ndio unaomfanya mpimaji akae wima kwenye kiti. Wangu ulizidi 50.

Maelezo niliyopewa yalikwenda hivi. Utando wa ndani wa mshipa hujeruhiwa, mshipa hupanuka na kuvuja, kisha hufa na kuacha mahali patupu, na mwili hujaribu kuotesha mishipa mipya ambayo hutoka ikiwa na matawi yasiyo na mpango. Mwaka 2000 Maurizio Cutolo na wenzake wa Genoa, Italia, waliigawanya safari hiyo katika hatua tatu. Ya awali ina mishipa mikubwa michache na mpangilio wake bado ni mzuri. Ile ya ugonjwa unaochemka ina mishipa mikubwa mingi, damu iliyovuja na mapengo yanayoanza. Ya mwisho haina mishipa mikubwa karibu kabisa, ila mapengo mapana na matawi. Jambo hili humchanganya mgonjwa anayejisomea, maana anaweza kuona kwamba mishipa mikubwa imepungua akadhani amepona, kumbe imekufa.

Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, kwa kuwa watu wanaoniandikia hukosea hapa kuliko popote. Picha ya mishipa haisomwi peke yake. Katika vigezo vilivyotolewa mwaka 2013 na vyama vya madaktari wa baridi yabisi vya Marekani na Ulaya, mishipa isiyo ya kawaida kwenye ukucha ina alama 2 tu, ilhali zinahitajika 9. Daktari wangu alinihesabia kwenye karatasi: hali ya Raynaud 3, vidole vilivyovimba 2, mishipa 2, na kingamwili ya sentromia, mojawapo ya kingamwili mahususi za skleroderma, iliyokutwa kwenye damu 3, jumla 10. Vigezo hivyo vilitungwa kwa ajili ya utafiti, na yeye alikuwa mwepesi kunikumbusha hilo, lakini vinaonyesha uzito wa kila kitu kikilinganishwa na kingine.

Uzito huo ulionekana vizuri katika utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2008, uliowafuatilia wagonjwa 586 wa hali ya Raynaud kwa muda uliofika hadi miaka 20. Waliokuwa na mishipa iliyoharibika pamoja na kingamwili mahususi za skleroderma, karibu wanne kati ya kila watano waliishia kuupata ugonjwa. Waliokosa vyote viwili, waliougua hawakufika 2 kati ya 100. Kwa maoni yangu takwimu ya pili ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, kwani wengi wanaoingia chumba kile wamo katika kundi hilo na wanastahili kulala usingizi. Basi ukipelekwa kwenye hadubini bila kupimwa damu, au damu ikapimwa na vidole visitazamwe, nusu ya jibu bado haijapatikana, na ni haki yako kuidai.

Iwapo hadubini ya video haipatikani, dematoskopi ile ndogo ya mkononi anayotumia daktari wa ngozi hukuza mara 10 hivi na inatosha kuonyesha mishipa mikubwa na mapengo. Haihesabu wala haipimi upana kwa uhakika, lakini inaweza kuamua nani apelekwe mbele.

Wala ukucha hauonyeshi hali ya mapafu. Baada ya jibu langu nilifanyiwa kipimo cha pumzi pamoja na uwezo wa mapafu kupitisha gesi, picha ya mawimbi ya moyo, na nikaagizwa kupima shinikizo la damu nyumbani, kwa kuwa likipanda ghafla huenda figo ndizo zinazolia. Tangu hapo kila daktari anayetaka kunipa vidonge vya steroidi kwa sababu nyingine yoyote namtajia ugonjwa wangu kwanza, kwani dozi kubwa za dawa hizo huweza kuichochea hatari hiyo ya figo.

Ombi moja zaidi kabla hujaondoka pale: chukua picha zenyewe, si karatasi ya majibu pekee, kila picha ikiwa imeandikwa tarehe, mkono, kidole na ukuzaji. Mimi nilizichukua kwa udadisi tu. Mwaka uliofuata mpimaji alikuwa mwingine, akatazama kidole cha pete cha kushoto akaandika kwamba hakuna mishipa mikubwa. Nikafungua picha ya zamani. Tuliziweka mbili kwenye skrini moja, tukatafuta kitanzi kile kinene, na mahali kilipokuwa palikuwa peupe, pasipo mshipa wowote kwa karibu nusu milimita. Alifuta alichoandika, akaandika upya, na kipimo cha pumzi kilichokuwa kimepangwa baada ya miezi sita nikafanyiwa wiki ile ile.