Kumpa mtunzi chipukizi kazi ya muziki wa filamu yako

Dada, umesema filamu yako ya dakika 20 umeirekodi hapo Bagamoyo, soko la samaki na Mji Mkongwe, na unataka kijana aliyemaliza TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo hapo, akutungie muziki, ila hujui uanzie wapi. Kwanza maliza kuhariri. Ukikata sekunde tatu baada ya yeye kutunga, ngoma iliyopangwa ilie mlango unapofungwa italia mlango umeshafungwa, na kazi inaanza upya.

Uhariri ukishafungwa, itazameni wote wawili mkiandika dakika na sekunde muziki unapoingia na unapotoka. Usimwambie "niwekee zeze". Mwambie yule mama wa kwenye filamu anaogopa nini akingoja ngalawa irudi. Ala atachagua mwenyewe. Kwingine acha mawimbi yasikike, yanatosha.

Mjaribu kwa sini (onyesho) moja, na hiyo umlipe hata usipoipenda. Hizi ahadi za "utajulikana" hazinunui unga.

Haki ziandikwe kabla hajagusa kinanda: muziki unabaki wake nawe unautumia kwenye filamu tu, au unaununua wote? Ukiununua wote, bei ipande. Wapigaji atakaowaleta nao wasaini. Kisha muusajili muziki COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, jina lake likiwa mbele kama mtunzi.

Siku ya kukabidhi, dai faili za WAV (sauti isiyobanwa) za kilohezi 48 (kHz), kila ala na faili yake, ili mchanganya sauti aweze kushusha ngoma watu wanapozungumza. MP3 ya WhatsApp irudishe.