Klabu za Lions hufanya nini hasa?

Ndugu uliyeuliza kama klabu ya Lions (chama cha watu wanaojitolea kuhudumia jamii) ya mji mdogo hufanya lolote zaidi ya kula pamoja na kupiga picha: hufanya, tena mengi, ila kazi yenyewe haina mbwembwe.

Chukua miwani. Mwaka 1925, kwenye mkutano wao mkuu huko Cedar Point, Ohio, Marekani, Helen Keller, mwandishi asiyeona wala kusikia, aliwaomba waukabili upofu, na hadi leo macho ndiyo kazi yao kubwa. Nimewahi kukaa kwenye meza ya kuchambua miwani. Unamwaga boksi la miwani iliyotolewa na watu, unatupa iliyovunjika, unaosha iliyobaki kwa maji ya sabuni, unakaza skrubu za vishikio. Kisha kila lenzi inapimwa nguvu na namba inaandikwa kwenye kibahasha, ili atakayepewa apate inayolingana na macho yake. Jioni nzima inaisha hivyo, watu wanne, boksi mbili. Kazi ya kuchosha, lakini naipenda mno.

Mengine unayajua: uchangiaji damu, kupima sukari, kupanda miti, karo za wanafunzi.

Kuhusu fedha, hapo ndipo wengi hukosea. Klabu hutunza hesabu mbili. Ada za wanachama huendesha klabu, chakula kikiwemo. Kilichochangwa na umma kwenye harambee hurudi kwa umma. Kwa hiyo ukichangia, muulize mweka hazina akuonyeshe hesabu ya pili. Ni haki yako kabisa.