Kufundisha watoto nyumbani kwa mtindo wa Waldorf ukiwa Tabora: vifaa unavyo tayari

Nikisema wanangu wawili wadogo hawaendi chekechea, nawafundisha mwenyewe nyumbani, swali la kwanza la watu hapa Isevya ni vifaa natoa wapi. Maana mtu akiingia mtandaoni akaona picha za Waldorf, yani elimu ya kazi za mikono, hadithi na rangi kabla ya kusoma na kuandika, anakutana na midoli ya mbao, rangi za maji kutoka Ujerumani, krayoni za nta kwenye kiboksi cha bati, akipiga hesabu ya kuvisafirisha mpaka huku anakata tamaa palepale. Jamani, nta! Sisi ndo tunaotoa nta. Mizinga imetundikwa kwenye miombo kuanzia Sikonge mpaka Uyui alafu wewe unataka kuagiza nta Ulaya.

Nenda kwa wauza asali, nunua bonge la nta ya njano. Wakikuuzia ile ya kahawia yenye uchafu iyeyushe uichuje kwa kitambaa. Usiweke sufuria moja kwa moja kwenye moto, nta ikishika moto ni balaa, weka kibakuli ndani ya sufuria ya maji, inayeyuka kwenye nyuzi 60 na kitu hata maji hayajachemka. Hiyo kazi ni yako, watoto wakae mbali. Changanya na mafuta ya alizeti kidogo ili ikipoa isiwe ngumu sana, kisha wape vipande wavipashe kwa viganja mpaka vilainike ndo wafinyange. Wa miaka mitano anakaa na kobe wake wa nta muda mrefu kuliko anavyokaa na kitu kingine chochote, na vidole vinapata nguvu, kwa hiyo siku ya kushika penseli hamgombani.

Kwa asiyejua, haya mambo yalianza mwaka 1919 mji wa Stuttgart. Emil Molt, mwenye kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria, alimwomba Rudolf Steiner aanzishe shule ya watoto wa wafanyakazi, jina limetoka hapo. Mume wangu kakulia kwenye tumbaku Urambo, nilipomwambia alicheka akasema basi ada ya hiyo shule sisi tulishalipa zamani. Huyo Steiner alikuwa na imani zake za kiroho, tena kwenye mihadhara yake alisema mambo ya hovyo kuhusu watu weusi. Mimi hayo nimeyaacha hukohuko, simtetei, nimechukua kinachofanya kazi nyumbani kwangu.

Na kinachofanya kazi kuliko vyote ni mpangilio wa siku. Sio saa ngapi, ni nini kinafuata nini. Asubuhi kazi za mikono, kupeta mchele, kuchambua maharage, msimu wa viazi tunakata michembe na kuanika, wao na visu vyao butu. Baada ya hapo nje, wakimbie wachafuke, mvua zikianza tunaenda kutafuta uyoga na shangazi yao anayeujua (usiende bila mtu anayeujua). Wakirudi wamechoka ndo hadithi. Watu wa Waldorf mpangilio huu wanauita kuvuta pumzi na kutoa pumzi, yani muda wa kutulia ufuatiwe na muda wa kujiachia, na kweli ukiwakalisha asubuhi yote mchana utaona moto. Siku nayo ina kazi yake, Jumatano rangi, Ijumaa maandazi, wakishazoea hawakuulizi tena "mama leo tunafanya nini".

Hadithi usisome, simulia. Tena ileile wiki nzima, wewe ndo utachoka wao hawachoki, na kesho yake waache wakusimulie wao kabla hujaanza. Kwetu anayesimulia ni mama mkwe, hadithi hadithi, hadithi njoo, sungura na fisi, nusu Kinyamwezi nusu Kiswahili. Mwanzoni alikuwa ananisema kwamba wajukuu zake hawajui hata a e i o u wakati wa jirani anabeba begi la inglishi midiamu na ana miaka mitatu, nikamwomba tu anisaidie hadithi, na toka hapo yeye ndo anawajibu majirani.

Sasa kuhusu kusoma. Waldorf wenyewe wanasubiri mpaka mtoto akaribie miaka saba. Huku haiwezekani kirahisi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule akifika umri, na darasa la kwanza anakutana na KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) katikati ya wenzake waliotoka chekechea. Kwa hiyo mimi kanuni yao naivunja makusudi, miezi ya mwisho kabla ya kuanza shule naingiza herufi, ila kwa picha kama wanavyofanya wao, hadithi kwanza, mchoro, alafu herufi inatoka ndani ya mchoro. Jitungie za kwako, M ni mlima, W ni wimbi, J ni jembe limeegemea ukuta. Ukifika kwenye ma me mi mo mu Kiswahili kinajisoma chenyewe.

Mimi nashona nyumbani ndo maana naweza. Kama unatoka saa moja asubuhi na unamwachia dada wa kazi, usimbebeshe hili, utamuonea bure, fanya hadithi ya jioni na uzime tivii, inatosha.

Mwanangu mkubwa yuko shule ya msingi, hivyo yeye tunafanya likizo. Somo moja tu kwa wiki tatu au nne, kila asubuhi, hakuna kuchanganya. Desemba tulifanya reli. Tukaenda stesheni, akachora njia zinavyoachana hapa Tabora kwenda Mwanza na Kigoma, na ile ya Mpanda inavyochepukia Kaliua, akaandika kwamba reli ilifika hapa 1912 na Kigoma 1914, hesabu zote zikawa za mabehewa na umbali. Kitabu anatengeneza mwenyewe, tunachukua karatasi za rimu tunazikunja na kuzishona kwa uzi wa cherehani, mistari hakuna. Rangi ya maji ipake nyepesi sana maana karatasi ya rimu inajikunja, kurasa za kupaka chukua zile nzito wanazotengenezea kadi, waulize stashenari watakukatia.