Jibu: OpenOCD inakataa kuunganika na bodi ya STM32 kwenye Ubuntu

Ndugu, umeuliza kwa nini programu yako ya bodi ya Nucleo-F401RE (yenye chipu ya STM32) inakompailika vizuri kwenye Ubuntu, ilhali OpenOCD, programu inayounganisha kompyuta na chipu ili kupakia na kukagua msimbo, inagoma na kuonyesha LIBUSB_ERROR_ACCESS. Hitilafu hiyo haihusiani na msimbo wako wala na kompaila yako, gcc-arm-none-eabi. Maana yake ni kwamba akaunti unayotumia haina ruhusa ya kukifikia kifaa cha USB. Nakusihi usikimbilie sudo (amri ya kuendesha programu kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo), kwa sababu ukizoea kuendesha kila kitu hivyo, hata make (amri ya kujenga programu), mafaili yatamilikiwa na root na kesho yatakugomea.

Hakikisha faili la kanuni za udev (sehemu ya Linux inayosimamia vifaa na ruhusa zake), 60-openocd.rules, limo kwenye mfumo, jiongeze kwenye kundi la watumiaji la plugdev (linaloruhusiwa kutumia vifaa vya kuchomeka), toka uingie upya, kisha chomoa bodi na uichomeke tena.

OpenOCD ikishakubali, itasubiri muunganisho kwenye poti ya mtandao 3333. Katika dirisha la pili la terminal fungua gdb-multiarch (programu ya kukagua msimbo unapoendeshwa) pamoja na faili lako la .elf (programu iliyokwisha kukompailiwa), andika "target extended-remote :3333", halafu "monitor reset halt" ili chipu ianze upya na kusimama. Kompaili kwa -Og (uboreshaji mwepesi unaofaa ukaguzi) na -g3 (taarifa kamili za ukaguzi), maana ukitumia -O2 (uboreshaji mkubwa zaidi) utaona mistari ikirukaruka na vigeu vikisomeka "optimized out" (vimeondolewa na kompaila), hata pale ambapo msimbo wako ni sahihi kabisa.