Mkanda wa umeme unapochoma kama sindano

Dada wa Ujiji, umeuliza kwa nini mkanda wa umeme wa kiuno, ule wa kutuliza maumivu ya mgongo kwa umeme mdogo, unamchoma mama kama sindano. Mara nyingi kosa si la mashine, ni la vile vitambaa vya ndani vinavyogusa ngozi. Vikikauka, au mgongo ukiwa umepakwa mafuta (na huko Kigoma mawese hayakosekani), umeme haupiti eneo zima. Unapenya kwenye vidoa vichache tu, na hapo ndipo panapochoma.

Mwoshe mgongo kwa sabuni, mfute. Lowesha vitambaa kwa maji safi, viwe vibichi lakini visidondoshe, kisha kaza mkanda ulale kwenye ngozi bila kuacha mwanya. Anzia nguvu ya umeme sifuri, panda taratibu. Kwa maumivu weka herzi (idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde) 80 hadi 100, dakika 30, asikie mtekenyo wenye nguvu anaouvumilia. Misuli ikianza kurukaruka, umezidisha. Mtekenyo ukififia katikati, neva zimeuzoea, ongeza kidogo. Ukirudi kuwa wa kuchoma, vitambaa vimekauka: zima kwanza, ndipo ulowanishe. Wakati wa kiangazi hukauka upesi.

Asilale nao usingizi. Kama ana kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo au kifafa, usimvalishe mpaka daktari akubali. Kisukari kikiwa kimemtia ganzi mgongoni pia usimvalishe, maana ataungua bila kusikia.

Ukiufua, usiukamue kwa kuusokota wala usitumie dawa ya madoa. Nyuzi nyingi zimepakwa madini ya fedha, nayo hubanduka.