Mtu wa mbali mwandikie swali, usimwombe mfahamiane

Mara kwa mara napata ujumbe wa aina hii: "Habari, navutiwa na kazi zako, naomba tufahamiane." Najibu asante, na mazungumzo yanaishia hapo. Si kiburi, sijui tu mwenzangu anataka tuzungumze nini.

Mimi ni mhariri, na wengi ninaoshirikiana nao hatujawahi kuonana ana kwa ana. Karibu wote waliodumu walianza na swali: kwa nini umeifuta aya ya pili? Kazi ya haraka unailipishaje? Swali kama hilo hujibika kwa dakika chache, na linaonyesha kwamba muulizaji amesoma kabla ya kuandika.

Januari 1913, Ramanujan, karani wa mamlaka ya bandari ya Madras huko India aliyependa hisabati, alimwandikia mwanahisabati G. H. Hardy wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Alijieleza bila kujipamba: ni karani, mshahara pauni 20 kwa mwaka, hana elimu ya chuo kikuu. Kisha akaambatanisha kurasa za kanuni za hisabati alizozigundua. Wataalamu wengine aliokuwa amewaandikia hawakumsaidia. Hardy alijibu, naye hakumpamba mtu: alitaka kuona uthibitisho. Mwaka 1914 Ramanujan alifika Cambridge, wakaanza kuandika pamoja. Ninachokipenda hapo ni kwamba kila mmoja alimpa mwenzake kitu cha kushika. Sifa tupu hazishikiki.

Kuanza, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi. Kazi iko kwenye kimya. Mkiwa ofisi moja, ukinyamaza watu wanaona umebanwa au unaumwa. Mkiwa mbali, kimya chako kila mtu anakitafsiri anavyojua, na mara nyingi vibaya. Kwa hiyo mimi husema mapema, hata kama ni mstari mmoja: "Nimeupata, nitausoma Alhamisi." Na Alhamisi ikifika sijausoma, nasema hivyohivyo. Watu huvumilia kuchelewa. Kuachwa gizani ndiko kunakowachosha.

Hoja ya kupingana usiifichie kwenye maneno laini. Andika "hapa sikubaliani, kwa sababu hii," kisha pigeni simu. Maandishi hayana sauti, na sentensi fupi iliyoandikwa kwa haraka inaweza kusomeka kama hasira. Ubishi ukizidi majibu mawili matatu, mimi huacha kuandika kabisa, nikapiga simu. Tukimaliza kuongea, mmoja wetu anaandika tulichokubaliana, maana kumbukumbu za watu wawili hazifanani.

Malipo yazungumzwe mwanzoni: kiasi, tarehe, na nani anabeba makato ya kutuma. Inatia haya, lakini aibu ya siku ya kwanza ni nafuu kuliko ugomvi wa baadaye.

Kuna tofauti ya saa pia. Ikiwa kikao kinamlazimu mtu kukesha, msikeshe upande mmoja daima, pokezaneni. Anayekesha kila mara huanza kukuchoka wewe, si saa, ingawa hatakuambia.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau kabisa: kurudisha majibu. Mtu amekushauri jinsi ya kuandika ombi la kazi, umelituma, umepata au umekosa, naye hajui. Mwandikie. "Walinikataa, ila sehemu uliyonisaidia waliisifu." Barua kama hizo ndizo ninazozijibu siku hiyohiyo, na mara nyingi zinafuatwa na swali jingine, kutoka kwangu.